Tarehe 14 imefika tena, wacha nijibu maswali yenu ya ruzuku ya mafuta

Kila EPRA (wale wanaopanga bei ya mafuta hapa Kenya kila mwezi) ikikaribia kutangaza bei simu yangu inajaa meseji, leo nachukua chache tu.

Hiyo ruzuku ilikua inatoka mfukoni mwa nani?

Mwako. Julai 2020 serikali ilipandisha tozo ya maendeleo ya petroli kutoka senti 40 hadi shilingi 5.40 kwa lita, alafu kuanzia Aprili 2021 pesa ya hiyo tozo ndo ikawa inafidia makampuni ya mafuta ili bei isiruke. Yani unalipa kwa pampu, unarudishiwa kidogo, na bado unatarajiwa useme asante. Sasa vita vya Ukraine vikaja 2022, bei ya dunia ikapaa, serikali ikachelewa kulipa makampuni na ndo mkaona zile foleni za Aprili, watu wa boda wanasukuma pikipiki.

Mbona Ruto aliitoa haraka hivyo, si angengoja kidogo?

Angengoja asingeitoa. Aliapishwa Kasarani 13 Septemba 2022, akasema ruzuku ya mafuta imekula shilingi bilioni 144, na bilioni 60 kati ya hizo zimeenda kwa miezi minne ya mwisho (miezi ya kampeni hiyo, fanya hesabu mwenyewe). Kesho yake petroli Nairobi ikatoka shilingi 159.12 kwa lita ikafika 179.30. Rais mpya bado anaweza kumlaumu aliyetoka, na ana miaka mitano ya watu kusahau. Tinubu wa Nigeria hata hakungoja kesho, alitangaza 29 Mei 2023 kwenye hotuba ya kuapishwa.

Mimi napika na stovu ya mafuta taa. Si ruzuku ni yetu sisi maskini?

Pole mama, ni yenu kidogo tu. Ruzuku inahesabiwa kwa lita, kwa hivyo mwenye gari kubwa anayejaza tangi mara mbili kwa wiki alikua anachukua kuliko mtaa wako mzima. Lakini usidanganywe pia na wale wa Nairobi wanaosema eti ikitolewa maskini haguswi, dizeli ndo inaleta mahindi na sukuma wiki sokoni, dizeli ndo nauli ya matatu. Na ukitaka kukasirika kabisa, 2018 waliyawekea mafuta taa tozo ya shilingi 18 kwa lita kwa sababu kuna wajanja walikua wanayachanganya na dizeli. Mjanja anaiba, wewe wa stovu unalipa.

Walisema imeisha, mbona Agosti 2023 ilirudi?

Julai hiyo kodi ya VAT ya mafuta ilikua imetoka 8% ikawa 16%, watu wanaandamana barabarani, serikali ikaogopa. Petroli ikashikiliwa 194.68 Nairobi mwezi mmoja, Septemba ikaruka 211.64. Mwanasiasa haziki ruzuku, anaiweka kabatini.

Kuna nchi yoyote imefaulu?

Kwa muda, Iran. Kabla ya kupandisha bei Desemba 2010 waliwawekea watu pesa kwenye akaunti, mtu anaiona kabisa lakini haitoki mpaka siku bei inapanda. Akili hiyo! Huku kwetu tunaambiwa pesa iliyookolewa itafanya maendeleo, sasa maendeleo unayapikaje? Ila hata wao mfumuko wa bei uliimeza ile pesa, na walipopandisha tena Novemba 2019, usiku, bila kuandaa mtu, watu wakaingia barabarani na wengi wakauawa.

Nijaze tangi leo au ningoje?

Bei mpya inaanza saa sita usiku. Mimi nishajaza.