Nimeokoka, darasani nifanyeje?

SWALI: Dada, niko chuo cha ualimu na sasa tumepelekwa mazoezi ya kufundisha, nimeokoka ila darasani siruhusiwi kuhubiri, sasa imani yangu itaonekanaje?

JIBU: Mdogo wangu, itaonekana kwenye vitu ambavyo hata mkufunzi wako havipi maksi. Andalio la somo andika mwenyewe usikopi la mwenzio, sahihisha madaftari yote hadi la yule mwandiko wake hausomeki, na ukimkaripia mtoto bila kosa muombe radhi mbele ya darasa lile lile, hapo ndo pagumu jamani. Yakobo 3:1 inaonya kwamba walimu watahukumiwa kwa ukali zaidi, na mi nadhani hata wa hesabu wamo. Ofisini wakianza kumsengenya mwanafunzi, we beba madaftari yako utoke.