Miche ya mninga iliyokauka Juni msiing'oe, na nini cha kuwafundisha watoto badala ya kupanda tu

Mwalimu, umeuliza mambo mawili: kwa nini miche ya mninga mliyopanda na klabu ya mazingira hapo Sikonge, Tabora, imekauka yote kufikia Juni, na watoto wa darasa la tano na la sita wafundishwe nini kuhusu miti ya mbao ngumu ili kila mwaka isiwe kupanda na kuzika. La kwanza linajibu nusu ya la pili.

Mninga mchanga hukauka shina kila kiangazi. Unarudi mpaka usawa wa ardhi, na mvua za Novemba zikishika unachipua upya. Hali hiyo huendelea kwa miaka mingi, mara nyingi zaidi ya saba, na muda wote huo mti unajenga mzizi. Mzizi ukishashiba, linatoka shina moja lenye nguvu linalopanda haraka. Asiyejua hili anang'oa mti ulio hai akidhani anasafisha bustani.

Wape watoto kazi ya kupima uhai. Wakae watatu watatu, kila kundi na miche yake mitano. Wafukue udongo kidogo, kina cha vidole viwili, wakwangue gamba kwa ukucha pale shina linapoingia ardhini. Wakikuta ukijani au unyevu, mche ni mzima. Wakikuta ukavu wa kahawia mpaka ndani, umekufa kweli. Warudishie udongo, wachomeke kijiti chenye namba, waandike kwenye daftari, kisha Desemba wakague tena. Daftari hilo lirithiwe na darasa linalofuata, kwa sababu mti huu hausubiri kalenda ya shule.

Ndiyo maana nashauri somo la misitu Tabora lisianzie kwenye kiriba, yaani mfuko wa plastiki wa kuoteshea mche. Miombo, yaani misitu ya asili ya huko yenye mitundu na jamaa zake, hujirudisha yenyewe, hasa kwa machipukizi ya visiki na mizizi. Mtoto akijua kusoma kisiki amejua zaidi ya aliyepanda miche kumi kwa ajili ya picha.

Nendeni msituni na kamba ya mita 5.64. Chomeka kigingi katikati, mtoto azunguke na kamba ikiwa imenyooka, na duara hilo lina mita za mraba 100. Ndani yake wahesabu makundi manne: miti mikubwa, miti ya kati, maotea (miche iliyojiotea yenyewe) yaliyo chini ya kiuno, na visiki. Kwenye kila kisiki wahesabu machipukizi. Kisiki cha mtundu huweza kutoa machipukizi mengi yanayonyang'anyana maji, na yakiachwa yote mnapata kichaka cha fito. Yabaki mawili au matatu yaliyonyooka, yaliyotoka chini karibu na ardhi. Yale ya juu kwenye ukingo wa kisiki hubanduka kwa upepo kisiki kikioza. Mengine yakatwe kwa mkasi wa kupogolea, na mkasi ushikwe na mtu mzima.

Unene wa mti hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini. Weka alama hiyo kwenye fimbo ili kila mtoto apime mahali pamoja. Mzingo ukiwa sentimita 94, gawanya kwa 3.14, kipenyo ni kama 30. Kosa la kawaida ni futi ya fundi cherehani kulegea upande wa nyuma ya mti, hivyo mtoto wa pili asimame nyuma aihakikishe. Mti ulio kwenye mteremko upimwe kutoka upande wa juu. Uliogawanyika chini ya mita 1.3 uhesabiwe kama miti miwili. Kila aina ina kipenyo chake cha chini cha kuvunwa kwenye kanuni. Ombeni orodha ofisi ya wilaya ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), muibandike darasani, watoto waone wenyewe ni miti mingapi kwenye duara lao imefikia.

Moto usiupitie juu juu, kwa sababu ndio unaoamua kama maotea yatakuwa miti. Moto wa Mei au Juni hukuta nyasi bado zina unyevu, unapita chini na haukai sana. Wa Septemba na Oktoba hukuta kila kitu kimekauka, na unaua chipukizi ambalo lilikuwa limebakiza msimu mmoja kuvuka kimo cha hatari. Majaribio ya Ndola, Zambia, yaliyoanza miaka ya 1930, yalionyesha hivyo hivyo: eneo lililochomwa mwishoni mwa kiangazi mwaka baada ya mwaka liligeuka nyasi, na lililokingwa lilifunga kuwa msitu. Watoto wasishike kiberiti kabisa. Kazi yao ni kufyeka na kufagia mkanda wa mita tatu kuzunguka shamba la klabu, kabla Mei haijaisha.

Mkitaka kupanda pia, na watoto wanapenda, anzeni na mkora. Mbegu yake ni kubwa, nyeusi, yenye kofia nyekundu, na inaota vizuri. Ondoeni kofia, loweka usiku mmoja, fukia sentimita mbili hadi tatu, mbegu moja kwa kiriba kirefu. Udongo uchanganywe na konzi chache kutoka chini ya mkora uliokomaa, maana mizizi yake inaishi pamoja na kuvu wa udongo huo. Kuvu wa aina hiyo, wanaoishi kwenye mizizi ya miombo, ndio wanaotoa sehemu kubwa ya uyoga wa mwituni watoto wanaoula masika. Inueni viriba kila wiki mbili. Mzizi ukitoboa chini na kuingia ardhini, utakatika siku ya kuhamisha na mche utanyauka.

Mninga ni mgumu zaidi. Tunda lake ni bapa kama yai la kukaanga, lenye miiba katikati, na mengine hayana kitu ndani. Mtu mzima akate kingo kwa koleo la kukatia waya, mbegu zilowekwe usiku mmoja, halafu zipandwe moja kwa moja shambani mvua zikishashika, mbili kwa shimo. Kwenye kiriba mzizi wake hujikunja upesi.

Siku ya mvua, mkiwa darasani, chezeni hesabu ya uvunaji. Vifuniko vya soda 15 ni miti mikubwa, maharage 25 ni ya kati, punje 60 za mahindi ni maotea. Kila raundi ni miaka kumi: punje tatu zinakuwa maharage, maharage mawili yanakuwa vifuniko, na mnaongeza punje tatu mpya. Wakivuna vifuniko vitano kila raundi, raundi ya tano vimekwisha. Wakivuna viwili, vinabaki 15 siku zote. Kisha "choma moto": ondoa punje zote, na kuanzia hapo usiongeze mpya, waone inachukua muda gani pengo kufika kwenye miti mikubwa. Watoto ambao wazazi wao wana mabani ya tumbaku (vibanda vya kukaushia majani kwa moto) watauliza kuhusu kuni. Wajibu bila kuwaaibisha wazazi: bani linataka kuni nyingi, na kuni za bani zinaweza kupandwa, mninga wa mbao hauwezi kuharakishwa.

Ombeni pia kipande cha mpingo na cha mninga kwa fundi seremala, vikavu, viwekwe kwenye beseni la maji. Mninga utaelea. Kiini cha mpingo kitazama, kwa kuwa mita moja ya ujazo hupita kilo 1,200 wakati maji ni kilo 1,000.

Kabla ya kuingia msituni, onaneni na kamati ya maliasili ya kijiji ikiwa ni msitu wa kijiji, au TFS ikiwa ni hifadhi ya serikali, na muombe ofisa aje na nyundo yake ya kugongea magogo alama ya kuonyesha yamevunwa kihalali. Watoto wakishaiona alama hiyo, wataitafuta kwenye kila gogo linalopita barabarani.