Milimita Nne na Nusu za Ayalandi
Safu ya Maswali ya Wasomaji: Reli za Mfano

Barua tano nilizozichagua mwezi huu zinahusu jambo moja, yaani ujenzi na uendeshaji wa reli ya mfano ya Ayalandi. Nimezifupisha bila kubadili maana yake.

SWALI: Ninaishi Cork na familia yangu, na katika chumba chetu cha akiba upo ukuta wa mita 3.6 usiotumika. Ningependa kuujengea reli ya mfano ya nchi hii ambayo watoto wangu wanakulia. Rafiki yangu ananishauri ninunue seti ya Kiingereza kisha nipake mabehewa rangi ya kijani. Je, hiyo inatosha? (Msomaji, Cork)

JIBU: Ndugu msomaji, haitoshi, na ninakusihi usianzie hapo. Kabla ya kununua hata msumari mmoja, andika kwenye karatasi mambo mawili, mahali na mwaka, kwa sababu hayo ndiyo yatakayokuamulia injini, mabehewa, ishara, majengo na hata kazi ambayo treni zako zitafanya.

Kwa kuwa uko kusini, ningependekeza stesheni ndogo ya kubuni katika County Wexford, kwenye njia iliyopita Wellingtonbridge kuelekea Waterford, ambako kila msimu wa vuli wakulima walipakia bitiruti za sukari kwenye mabehewa ya wazi ili zipelekwe viwandani. Usitamani kuweka daraja la mto Barrow lililo kwenye njia hiyo hiyo, ingawa ni zuri mno: lina urefu wa takriban mita 650, na kwa skeli ya 1:76, yaani kila kitu kikipunguzwa mara 76, lingekudai zaidi ya mita 8, mara mbili na zaidi ya ukuta wako.

Kuhusu mwaka, mimi ningechagua 1961. Wakati huo CIÉ, shirika la uchukuzi lililoundwa 1945, lilikuwa linaaga injini za mvuke, na bado ungeweza kuona injini ya aina ya J15, ambayo ilijengwa kwa miaka mingi kuanzia 1866 hadi zikafika 111, ikivuta mizigo jirani na injini za dizeli za aina ya A, 60 kwa jumla, zilizoanza kuletwa 1955 kutoka kwa Metropolitan-Vickers. Mwaka huo huo wa 1961 ziliwasili kutoka Marekani injini 15 za aina ya 121, zilizoundwa na General Motors, zikiwa na chumba cha dereva upande mmoja tu, hata zikahitaji kugeuzwa kwenye meza ya kuzungusha injini. Mfano wa 121 umetolewa na Murphy Models, na ule wa A na Irish Railway Models, wote wawili watengenezaji wa treni za mfano, kwa hiyo hulazimiki kujenga kila kitu kwa mkono.

Tahadhari moja kuhusu sauti. Ukinunua injini ya aina ya A yenye spika ndani yake, sikiliza kwanza ni sauti ipi iliyowekwa. Injini hizo zilianza na mitambo ya Crossley, iliyosumbua sana, na kati ya 1968 na 1971 zikatiwa mitambo ya General Motors. Stesheni ya 1961 inayonguruma kwa sauti ya Kimarekani kutoka ndani ya injini ya A itamsumbua kila ajuaye, na baada ya muda itakusumbua wewe pia.

SWALI: Ndugu Mhariri, nilimtembelea mwenzangu mwenye reli ya mfano ya Ayalandi, na jambo fulani likanikera macho bila kujua ni nini. Injini zilionekana kama mtu mnene aliyesimama kwa miguu iliyobanana. Yeye anasema reli zake ni za kawaida za milimita 16.5. Kosa liko wapi? (Msomaji, Birmingham)

JIBU: Macho yako hayakukosea. Sheria ya Bunge ya 1846 iliweka upana wa reli za Ayalandi kuwa futi 5 na inchi 3, sawa na milimita 1,600, ilhali Uingereza ilibaki na milimita 1,435. Kabla ya hapo kila kampuni ilikuwa na lake: njia ya Dublin hadi Kingstown, iliyofunguliwa 1834, ilitumia upana wa Kiingereza, na Ulster Railway ilianza na futi 6 na inchi 2.

Sasa njoo kwenye meza yetu. Katika skeli ambayo futi moja huwa milimita 4, ndiyo ile ya 1:76, upana wa Kiayalandi unatoka milimita 21 kamili, bila sehemu wala baki. Reli zinazouzwa madukani kwa skeli hiyo ni za milimita 16.5, ambazo tayari ni nyembamba kwa treni za Kiingereza, na kwa treni za Kiayalandi zimepungua milimita 4 na nusu. Hiyo ni zaidi ya moja ya tano ya upana wote. Ndiyo maana uliiona miguu iliyobanana.

Je, ni lazima kutandika milimita 21? Hapa wapenzi wa reli za Ayalandi wametengana kwa miaka mingi, na nitasema ninachoamini. Anayejenga kwa mara ya kwanza, hasa akijenga pamoja na watoto, atumie 16.5, kwa kuwa treni itatembea wiki ya kwanza na moyo hautavunjika. Anaweza kupunguza kasoro kwa kuinua meza karibu na usawa wa macho ili treni itazamwe kwa ubavu, kwa kuongeza nafasi kati ya mataruma, yaani vile vipande vya kukingama vinavyobeba reli, na kwa kujaza kokoto mpaka kwenye ncha za mataruma hayo. Ukitazama kwa ubavu, upana wa reli haujioneshi. Ukitazama kutoka mbele, hakuna hila itakayouficha.

Lakini aliyekwisha kujenga moja, na ambaye jambo hili linamnyima raha kama linavyokunyima wewe, atandike milimita 21. Aanze na kipande cha mita moja chenye swichi moja, yaani mahali njia moja inapogawanyika kuwa mbili. Swichi atalazimika kuijenga kwa mkono, kwa kulehemu reli juu ya vipande vyembamba vya ubao wenye ngozi ya shaba, huku akipima kila hatua kwa kipimo cha chuma. Injini za dizeli ndizo nyepesi kubadilisha, kwa sababu magurudumu yake huhitaji tu ekseli ndefu zaidi na nafasi ndani ya fremu za magurudumu. Injini za mvuke ni kazi nyingine kabisa, kwani fremu nzima huundwa upya. Mimi binafsi nilitumia majira ya baridi mawili kwa J15 moja, na siku ilipopita kwenye swichi bila kuruka nilikaa nikaitazama ikienda na kurudi hadi usiku wa manane.

SWALI: Shikamoo, Mzee. Nimekulia jirani na reli ya kati, na nimetumiwa na kaka yangu reli za mfano za milimita 12 ili nijenge treni za nyumbani. Nimesoma katika safu yako kwamba Ayalandi nayo ilikuwa na reli nyembamba. Je, reli hizi zinaweza kunifaa kwa zote mbili? (Msomaji, Tabora)

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Zinafaa, na swali lako limenifurahisha kuliko yote. Reli ya kati ina upana wa mita moja, na ukiijenga kwa skeli ya 1:87, milimita 12 zinaukaribia sana upana huo. Reli nyembamba za Ayalandi zilikuwa za futi 3, yaani milimita 914, na katika skeli ya milimita 4 kwa futi hizo ni milimita 12 barabara. Hivyo yule asiyetaka kusikia ugomvi wa milimita 21 anaweza kuhamia kwenye njia nyembamba na kuwa sahihi tangu siku ya kwanza. Kitakachokudai kazi ni mataruma, kwa kuwa yaliyokuja na reli zako yamesogeana mno. Kata vijiti vya plastiki vinavyoyaunganisha upande wa chini, yatenganishe kidogo, kisha paka rangi ya kijivu iliyochakaa.

Usichanganye skeli hizo mbili kwenye meza moja, maana watu na milango havitalingana.

Kati ya njia nyembamba zote, ile ya County Donegal ndiyo ningekuelekeza. Ilifungwa siku ya mwisho ya 1959, na miaka yake ya mwisho ilibebwa na mabehewa ya dizeli yenye rangi nyekundu na krimu, ambayo dereva alikaa mbele juu ya mtambo, na sehemu ya abiria ikafuata nyuma ikiwa imeungwa kwa kiungo kinachopinda. Kwa kuwa yalikuwa na mbele na nyuma kama basi, yalihitaji meza ya kuzungushia mwisho wa safari, na mara nyingi yalikokota behewa moja au mawili ya mizigo. Stesheni yenye jukwaa moja, banda la mizigo na meza ya kuzungushia inaenea kwenye ubao wa mita moja na nusu.

SWALI: Injini yangu ya dizeli ya aina ya 141 husimama ghafla kila ifikapo kwenye swichi, hasa ikienda polepole. Nimeambiwa ni mbovu. (Msomaji, Limerick)

JIBU: Usiirudishe dukani bado. Safisha kwanza magurudumu na uso wa reli kwa kitambaa chenye spiriti safi, usitumie msasa. Kisha pima kwa mita ya umeme kama kile kipande cha katikati ya swichi, mahali reli mbili zinapokutana, kinapata umeme. Mara nyingi hakipati, na dawa yake ni kukiunganisha na swichi ndogo ya umeme inayogeuka pamoja na reli. Pia lehemu waya wa kuleta umeme kwenye kila kipande cha reli, badala ya kutegemea viungio vya chuma, ambavyo hulegea na kuingia kutu.

SWALI: Nimemaliza kujenga. Kuta za mawe zipo, vichaka vipo, na majina ya stesheni nimeyaandika kwa Kiayalandi na Kiingereza kama inavyopasa katika Jamhuri. Lakini baada ya dakika kumi treni imezunguka mara ishirini, watoto wameondoka, na mimi mwenyewe sijui nifanye nini. Nimekosea wapi? (Msomaji, Galway)

JIBU: Hukukosea katika ujenzi. Treni zako hazina kazi, na reli ya Ayalandi ni tajiri wa kazi kuliko nyingi, kwa sababu sehemu kubwa yake ilikuwa njia moja ambayo treni za pande zote mbili ziligawana.

Anza na fimbo. Kwenye njia moja, dereva hakuruhusiwa kuingia katika kipande cha reli kati ya stesheni mbili bila kushika fimbo ya kipande hicho, na mashine za umeme zilizounganisha stesheni hizo zilizuia fimbo ya pili isitoke wakati ya kwanza iko nje. Tengeneza fimbo mbili za mbao za urefu wa kalamu, moja nyekundu na moja ya buluu, kila moja kwa ajili ya kipande chake. Mtoto mmoja awe stesheni masta na mwingine awe dereva. Asiye na fimbo haondoki. Utashangaa jinsi kanuni hiyo moja inavyogeuza mzunguko usio na maana kuwa mazungumzo.

Kisha njia ya kupishana. Pima treni yako ndefu zaidi kabla ya kuweka swichi: behewa la magurudumu manne huchukua takriban sentimita 9, na injini ya 141 karibu sentimita 18, kwa hiyo mabehewa kumi na injini mbili hukaribia mita 1.3, na njia ya kupishana ipungukiwayo na hapo itakuletea aibu kila Jumamosi. Mwisho wa njia, nyuma ya ubao uliopakwa rangi ya mbingu, weka yadi iliyofichwa yenye reli nne au tano. Hiyo ndiyo Dublin yako, Waterford yako na kiwanda chako cha sukari.

Halafu mpe kila behewa kadi inayosema linatoka wapi, limebeba nini na linakwenda wapi. Katika msimu wa bitiruti, mabehewa matupu hufika asubuhi, hutenganishwa na kusogezwa kwenye ukuta wa kupakilia, na mabehewa yaliyojaa huondoka mchana. Kwa shehena, mbegu za uwele hufaa vizuri sana, kwa sababu ukubwa wake unakaribia bitiruti kwa skeli hiyo. Zigandishe kwa gundi nyeupe juu ya kipande cha kadibodi kinachoingia na kutoka ndani ya behewa, zipake rangi ya udongo, kisha vanishi ili wadudu wasizile. Siku ya mnada, badilisha kadi na ulete mabehewa ya ng'ombe, ambayo yasicheleweshwe njiani kwa kuwa meli inasubiri bandarini North Wall, Dublin. Ukipenda miaka ya 1990 kuliko 1961, kazi ya bitiruti inabaki ile ile, ila injini zitakuwa za dizeli za aina ya 071 au jozi ya 141, na kituo cha mwisho kitakuwa kiwanda cha Mallow, kilichofungwa 2006.

Mwishowe, punguza kasi. Treni ya mizigo ya kilomita 40 kwa saa, kwa skeli ya 1:76, hutembea karibu sentimita 15 kwa sekunde, na ukuta wa mita 3 huipa sekunde ishirini. Pima kwa saa. Jumamosi ijayo, iache treni ya bitiruti isimame kwenye njia ya kupishana, taa ya dereva ikiwaka, mpaka ile ya abiria kutoka Waterford iingie stesheni na mtoto wako akabidhi fimbo ya buluu mkononi mwa mwenzake.