Naitrasi kwenye lori la dizeli: nani kakwambia gesi ni gesi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Fuso la turbo, napakia salfa na saruji Masasi kupandisha Newala. Mlimani linakuwa zito na linatoa moshi mweusi. Fundi wa huku ananishauri nifunge mtungi wa naitrasi kama magari ya mashindano. Nikiukosa, eti nitumie oksijeni ya wachomeleaji, maana gesi ni gesi. Nifungeje bila kuua injini?
Dereva, Masasi

JIBU: Marahaba. Huyo fundi asiliguse tena gari lako.

Naitrasi, yaani gesi ya nitrous oxide, haiungui. Wengi wanadhani ni mafuta makali, kumbe kazi yake ni kubeba oksijeni: asilimia 36 ya uzito wake, wakati hewa ya kawaida ina 23 hivi. Joto likifika kama nyuzi 300 inavunjika, oksijeni inaachiwa, na dizeli ambayo ingetoka nje kama moshi inapata kuungua. Gari lisilo na dizeli ya ziada halipati cha maana. Tena inayobaki baada ya kuvunjika ni nitrojeni, nayo inautuliza moto.

Oksijeni tupu haina cha kuituliza. Chomoa hozi ya intakula (kile kipoza hewa ya turbo), tia kidole ndani, kitoe: kimelowa oili. Turbo karibu zote zinapitisha oili kidogo. Sasa pulizia humo oksijeni ya mtungi, turbo inakandamiza hewa na bomba ni la moto. Hiyo oili inawaka bila kungoja cheche. Waulize wachomeleaji wenyewe kwa nini hawathubutu kupaka grisi kwenye rigleta yao.

Na hata naitrasi halisi haikufai. Mtungi wa kilo nne na nusu unaisha kwa dakika chache, mlima wa Newala bado uko mbele yako. Wanaoijua wanaifungulia pale tu mguu umekanyaga mwisho na turbo imeshajaza, kamwe si gari likiwa sailensa (injini inanguruma bila kukanyagwa), tena wana geji ya joto la ekzosi. Presha ndani ya silinda inapanda ghafla: gasketi ya hedi, boliti, konrodi, vyote vinabeba. Na mtungi wenyewe ukipita nyuzi 36 hauna tena kimiminika, yote ni gesi, presha inapaa. Kebini iliyofungwa Masasi saa saba mchana inapita hapo bila kutaka.

Moshi wako unasema hewa haitoshi. Lori la salfa nililofungua mwezi uliopita, klina yake ya hewa ilikuwa ya njano kama manjano, ukiigonga chini unatoka unga. Anza hapo, kisha hozi na klipu zake, kisha turbo, kisha nozo zinazopuliza dizeli.

Msimu wa korosho ukifunguliwa kila mtu anataka tripu mbili kwa siku, na wauza nguvu za haraka wanajitokeza. Mmoja anafungulia pampu ya dizeli hadi moshi ufunike barabara, mwingine anapitisha gesi ya kupikia kwenye hewa. Hiyo nayo ni mafuta kamili, ikiwaka kabla ya wakati wake inatoboa pistoni. Nililetewa lori moja la hivyo kutoka njia ya Tandahimba, pistoni mbili zimeyeyuka. Nilipovua bomba la intakula nikakuta klipu imelegea, hozi inapumulia pembeni.