Jibu: ARRI ni kifupi cha nini?

Mkuu, umeuliza ARRI, ile kampuni ya kamera za sinema, ni kifupi cha nini. Wala si neno la kitaalamu. Ni majina ya vijana wawili wa Munich, August Arnold na Robert Richter: AR na RI, basi. Walianza na karakana ndogo mwaka 1917.

Kilichowatoa hasa ni kamera yao ya sinema, Arriflex 35 ya 1937. Kati ya lenzi na filamu waliweka kioo kinachozunguka, kimeinama nyuzi 45. Kikiziba filamu isogee, mwanga unarushwa kwenye jicho la mpigapicha. Kikipisha, picha inaingia. Yaani unaona kile kile lenzi inachokiona, hubahatishi fokasi. Kwangu mimi huo ndio ufundi wenyewe, kuliko hata Alexa, kamera yao ya dijitali ya 2010.