Usipoze amilasi kabla ya kuipima

Hapana, ndugu, usifanye hivyo. Umeandika kutoka Goma kwamba una mutanti 400 (aina zilizobadilishwa jeni) za amilasi, kimeng'enya kinachovunja wanga, ya bakteria Bacillus, kwamba utazichemsha majini dakika 10, uzipoze, kisha uzipime kwa wanga na iodini mezani ili upate itakayovunja wanga wa muhogo kwa nyuzi 80. Njia hiyo niliifuata hapa Bukavu, ikanila miezi minane.

Kipimo hicho hakionyeshi kimeng'enya kinachofanya kazi motoni, bali kile kilichonusurika, au kilichopoteza umbo lake kwa joto kikalirudia kilipopoa. Mutanti yangu bora ilifuta mezani buluu yote ambayo iodini huipa wanga, nikaipa jina, nikawanunulia wenzangu sambaza. Nilipoitia katika uji wa muhogo wenye nyuzi 80, uji ulibaki mzito hata kijiko kikasimama wima, na sambaza zilikuwa zimekwisha kuliwa. Nikaendelea raundi mbili nikiijenga juu ya mutanti hiyohiyo, kwa sababu mkufunzi mmoja wa semina alituhakikishia kwamba kupima utendaji uliosalia baada ya kupoza kunatosha. Ningependa anywe uji ule. Frances Arnold alipewa Nobel ya kemia mwaka 2018 kwa njia hii ya kubadilisha na kuchuja raundi baada ya raundi, lakini chujio likiwa bovu, kila raundi inakupoteza zaidi.

Pima katika joto ambamo kimeng'enya kitafanya kazi, juu ya wanga uleule. Pasha wanga hadi nyuzi 80, tia kimeng'enya, chota kidogo baada ya dakika 5, zima kwa asidi, ndipo upoze na kudondosha iodini. Hapo kupoza ni lazima, maana buluu ya iodini hutoweka yenyewe wanga ukiwa moto na kurudi ukipoa. Kuna wiki ambayo nilidondosha iodini wanga ukiwa bado moto, kila mutanti yangu ikawa bingwa, na neli isiyo na kimeng'enya ingekuwa bingwa pia, ila sikuwa nimeiweka. Kipimajoto kiingie ndani ya neli, kwani kwenye mita zetu zipatazo 1,500 maji huchemka karibu na nyuzi 95, si 100.

Kabla hujagusa zote 400, chukua kumi pamoja na amilasi ya asili, uzipime kwa njia zote mbili, kisha utuwekee hapa orodha mbili za washindi.