Kuvua kwenye miamba Mtwara: amua mapema kitakachokatika

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Umehamia Mtwara kutoka Mwanza, umezoea kuvua ziwani kwenye mchanga na tope, na sasa kila ukirusha mshipi pale ufukwe wa Shangani unarudi na uzi mtupu. Kwa wiki mbili umepoteza ndoana zaidi ya 20. Unauliza kuna fundo gani lisilokatika.

Nakujibu kwa niliyoyaona mwenyewe kwenye miamba hiyo hiyo, na kabla ya hapo nikiwa mtoto kwenye mtumbwi wa mjomba upande wa Msangamkuu. Fundo lisilokatika silo unalolihitaji. Kwenye miamba lazima kitu kikatike, na kazi yako ni kuamua ukiwa bado nyumbani kikatike nini.

Ulivyoeleza, mshipi wako ni unene mmoja toka juu hadi chini, ndoana mbili zinaburuta na risasi, yaani uzito, iko juu yake. Hapo umetega mwamba, hukutega samaki. Ndoana inaingia kwenye ufa, unavuta, uzi unakatikia popote palipochoka, na mara nyingi ni juu kabisa. Unapoteza vyote, na mita kumi za nailoni zinabaki chini.

Mjomba alikuwa anaokota jiwe ufukweni, lenye kiuno, analifunga kwa uzi aliochomoa kwenye gunia la salfeti. Jiwe lilikaa chini kabisa, ndoana ikaning'inia juu yake kama mkono mmoja hivi. Jiwe likinasa, anavuta kidogo tu, uzi wa salfeti unakatika, ndoana inapanda na samaki wake aina ya changu. Nilidhani ni kwa sababu hana hela ya risasi. Nilipoanza kununua vifaa vyangu mwenyewe na kuviacha vyote baharini ndipo nikaelewa alichokuwa akifanya.

Mimi siku hizi nafunga hivi. Mshipi mkuu nailoni ya milimita 0.70. Mwishoni naweka swiveli ya macho matatu, kile kiungo cha chuma kinachozunguka, na ukiikosa madukani, pete ndogo ya chuma inatosha. Jicho la juu linashika mshipi mkuu. La pembeni linashika mkono wa ndoana, yaani kipande cha nailoni ya 0.60, sentimita 20 hadi 25, usizidishe maana kirefu kitajizungusha kwenye mshipi. Jicho la chini ndilo la jiwe: nailoni nyembamba ya 0.35, sentimita 40 au 50. Uzi huo wa chini uwe mrefu kuliko mkono wa ndoana, la sivyo ndoana italala juu ya mwamba na utarudi pale pale. Ndoana ni moja tu. Najua wengi wanapenda mbili au tatu, na kwenye mchanga sina ugomvi nao, ila kwenye matumbawe kila ndoana ya ziada ni kitu kingine cha kunasa. Ukipata zile za mviringo, zenye ncha iliyogeukia ndani, chukua hizo. Zinanasa kwenye mwamba mara chache zaidi. Sharti lake ni kwamba samaki akila usishtue mkono; kaza uzi taratibu, atajishika mwenyewe pembeni mwa mdomo.

Kwa uzito, kwa muda nilitumia plagi mbovu za pikipiki, mafundi wanakupa bure. Ule mdomo wa plagi una kijichuma kilichopinda. Ukikigonga na nyundo kidogo kinafunga, unapata tundu la kupitisha uzi. Zinafanya kazi vizuri. Lakini nilipokwenda kutembea mwambani maji yakiwa yamekauka, nikaziona zimelala kati ya matumbawe, nyingine bila shaka ni zangu, nikarudi kwenye mawe ya mjomba. Risasi nayo ni sumu, sioni sababu ya kuiacha baharini kila siku wakati mawe yamejaa ufukweni.

Tahadhari moja kubwa: uzi wa 0.35 hauhimili kurusha kwa nguvu. Ukizungusha juu ya kichwa kama ulivyozoea, utakatika hewani na jiwe litaruka peke yake. Shangani jioni watu wanapita nyuma yako na watoto. Rusha kwa chini, mkono ukitoka usawa wa goti, na uangalie nyuma kwanza. Ukivua kwenye mtumbwi hili halikuhusu, unashusha tu.

Sasa mafundo. Kwenye ndoana na kwenye swiveli natumia fundo liitwalo palomari. Kunja uzi uwe mara mbili, kama sentimita 15. Pitisha kitanzi hicho kwenye tundu la ndoana, funga fundo la kawaida bila kukaza, kisha ingiza ndoana nzima ndani ya kitanzi. Lowesha kwa mate, vuta nyuzi zote pamoja polepole mpaka likae. Mate hapo si ushirikina wa wavuvi: nailoni kavu ikisuguana inapata joto na kudhoofika pale pale kwenye fundo. Kama uzi ni mnene kiasi kwamba haupiti mara mbili kwenye tundu, pitisha mara moja, zungushia shingo ya ndoana mara sita, ingiza ncha ndani ya mizunguko na kaza.

Na kwenye jiwe, funga fundo baya. Nasema hivyo kwa dhati. Katikati ya ule uzi wa 0.35 piga fundo moja la kawaida, lile la kamba ya kiatu kabla hujatengeneza masikio. Fundo hilo linaweza kuondoa karibu nusu ya nguvu ya uzi, na ndilo unalolitaka huko chini, ujue kabisa patakatikia wapi.

Ukikatikiwa, usitupe kipande kilichobaki mkononi. Iangalie ncha yake kwenye mwanga. Ikiwa imejikunja kama mkia wa nguruwe, fundo lako liliteleza. Hukulowesha, au uliacha ncha fupi mno. Ikiwa ina manyoya na uzi una mikwaruzo kwa sentimita kadhaa juu yake, ni mwamba uliousugua, na kipande chote chenye mikwaruzo kikate maana kitakuangusha tena. Ikiwa imekatika safi kama kwa wembe, mara nyingi ni meno. Mimi niliwahi kulaumu miamba mwezi mzima, kumbe kila ncha ilikuwa mkia wa nguruwe.

Kuhusu kunasua: usivute kwa ngumi wala usizungushie uzi mkononi. Nina kovu kwenye kidole cha shahada kwa sababu hiyo, uzi uliingia mpaka kwenye nyama nyeupe. Legeza kwanza, hesabu mpaka 20, mkondo wenyewe hunasua mara nyingine. Ikishindikana, kaza uzi kisha uuvute na kuuachia kwa kidole kama unapiga zeze, mtikisiko unafika chini. Halafu tembea hatua 15 pembeni uvute kutoka upande mwingine, maana ndoana hutoka kwa njia iliyoingilia. Mwisho kabisa zungushia uzi kwenye kijiti na uvute kwa kijiti.

Chewa ni habari nyingine. Yeye akila anarudi shimoni, anatanua mashavu na mapezi, na utaapa umenasa mwamba. Sekunde za kwanza usimpe uzi hata kidogo. Akishaingia, usishindane naye. Legeza kabisa na usubiri dakika mbili tatu. Wengi hutoka wenyewe wakihisi hakuna anayevuta. Hapo kaza kwa mara moja. Mkunga, yule samaki kama nyoka, hivyo hivyo, ila yeye ukimtoa usimshike, kata uzi.

Jambo ambalo lingekuokolea ndoana nyingi kuliko fundo lolote: nenda ukauone mwamba kabla ya kuuvulia. Kwenye bamvua, yaani siku za maji makubwa, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, huku kwetu maji hukauka sana kwenye saa nne asubuhi. Vaa viatu, kuna viumbe wa baharini wenye miiba, tembea juu ya mawe bila kukanyaga matumbawe. Utaona mifereji ya mchanga inayopita kati ya miamba, mingine haifiki mita mbili kwa upana. Chagua miwili, weka alama kwa kitu cha nchi kavu, mti au pembe ya ukuta. Kisha rudi kuvua siku za maji mafu, mkondo ukiwa mdogo na jiwe likikaa pale ulipolitupa. Wakati wa upepo wa kusi bahari ikichafuka mimi huacha kabisa mwamba wa nje, uzi unaburutwa kila mahali.

Ukifikiria kwenda Msimbati, jua kwamba huko ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Uliza hifadhi au BMU ya kijiji, yaani kikundi cha usimamizi wa uvuvi, kwanza ni wapi panaruhusiwa. Na vipande vya nailoni, popote ulipo, rudi navyo nyumbani. Kasa wanataga mayai fukwe hizo na uzi hauozi.

Chambo anza na mnyiri wa pweza, ule mkono wake, uliopondwa. Kikande, samaki wa miambani anayedonoa chambo, hamalizi haraka kama anavyomaliza dagaa. Jaribu mfungo huu bamvua hili likiisha, na ukikatikiwa tena piga picha ya ncha ya uzi uiweke hapa tuiangalie.